Msimpigie Baraba Makofi

Wapendwa wasomaji, neno la leo ni lenu. Majambazi wamehubiriwa vya kutosha. Wamehubiriwa katika magereza ya Kamiti na Naivasha, wamehubiriwa kabla ya hukumu na wakiwa kitandani baada ya risasi, na baadhi yao wamesikia kuliko tunavyosikia sisi tunaokaa viti vya mbele kila Jumapili. Leo nasema na ninyi mnaosoma habari zao. Ninyi mliokesha na kitabu hadi jogoo akawika, na asubuhi yake mkamsimulia abiria mwenzenu ndani ya matatu. Mikono yenu haijamgusa mtu. Lakini vinywa vyenu vimenena, na hayo mliyoyanena ndiyo nataka tuyapime mbele za Mungu.

Mnakijua kitabu ninachokitaja. John Kiriamiti, mzaliwa wa Murang'a, mtoto wa walimu, aliacha shule mapema akaingia Nairobi, na kufikia umri wa miaka 15 alikuwa tayari anachomoa pochi za watu barabarani. Kutoka mifukoni akapanda hadi kwenye magari, kutoka kwenye magari hadi kwenye mabenki, bunduki mkononi. Mwaka 1971 mahakama ikampa kifungo cha miaka 20 na viboko 48. Gerezani akaandika maisha yake, na mwaka 1984, mwaka ule ule alioachiwa, kitabu kikatoka kwa jina la My Life in Crime. Zaidi ya miaka 40 imepita, na bado utakikuta kibandani kwa muuza vitabu, bado kinaazimwa kutoka bweni hadi bweni.

Mimi simhukumu mtu huyu. Sheria ilimhukumu, akaitumikia hukumu yake, akaandika kwa jina lake mwenyewe, na tangu atoke amesimama mbele ya vijana mara nyingi kuwaonya. Kuna waheshimiwa wangapi walioiba zaidi yake ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa kukiri? Yake ameyasema. Shida ninayoiona iko kwetu sisi tuliosikiliza.

Kwa maana mlipokifunga kitabu mlisema nini? Nimeyasikia maoni yenu, naishi katikati yenu. Kijana alisema, "Jamaa alikuwa noma." Mwenzake akaitikia, "Huyo ndiye mwanamume, si sisi." Mama mmoja akasema alipofika pale pa kukamatwa roho ilimuuma, alitamani atoroke tena. Na wazee, ndiyo, wazee wa kanisa wenye suti na Biblia kwapani, wakasema majambazi wa zamani walikuwa na akili na mpango, hawa wa leo ni vibaka tu. Katika wote hao sikumpata hata mmoja aliyeniambia, "Mchungaji, usiku kucha nimemfikiria yule keshia wa benki."

Niliwahi kuazima nakala moja ya kitabu hicho iliyokuwa imezunguka hosteli nzima. Jalada halikuwepo, mgongo ulikuwa umeshikwa kwa selotepu. Ukikiweka mezani kilijifungua chenyewe kwenye uvamizi. Kurasa hizo zilikuwa zimelowa mafuta ya vidole, pembe zimekunjwa, mistari imepigwa kwa kalamu ya bluu, na pembeni mtu ameandika maneno ya kushangilia. Ukifika pa kukamatwa na kupigwa karatasi ilianza kutakata. Ukifika pa hukumu ilikuwa nyeupe kabisa, hakuna kidole kilichokawia hapo. Mwandishi alikuwa amelipa gharama kubwa kutuletea sehemu zote mbili, ya kupora na ya kulia. Tukachukua moja, nyingine tukamrudishia.

Wapendwa, jambo hili ni la zamani. Fungueni kitabu cha Mwanzo, sura ya 4. Kabla ya gharika, kabla ya Ibrahimu, yuko mtu anayeitwa Lameki, naye anawaita wake zake wawili, Ada na Sila, wakae wamsikilize. Anawasimulia nini? Kwamba alimuua mtu aliyemtia jeraha tu, na kijana aliyemchubua tu. Na kwamba kama Kaini atalipiziwa kisasi mara saba, yeye ni mara sabini na saba. Hiyo ndiyo simulizi ya kwanza ya mbabe iliyoandikwa katika Biblia yetu. Angalieni kilichomo na kisichomo. Yumo Lameki, yamo maguvu ya Lameki, imo hesabu ya kisasi cha Lameki. Yule kijana hana jina. Hatujui alikuwa mwana wa nani wala nani alimzika. Na hatujui Ada na Sila walijibu nini. Nimejiuliza mara nyingi: walishangilia? Walinyamaza kwa hofu? Mwandishi wa Mwanzo amewaacha hivyo, wasikilizaji wasio na sauti, na nafasi yao hiyo leo tumeikalia sisi. Sisi ndio Ada na Sila. Lameki ameshasema. Sasa ni zamu yetu kujibu.

Bwana Yesu naye aliwahi kusimulia habari ya majambazi. Mnaijua, Luka 10. Mtu alikuwa akishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, akaangukia kati ya wanyang'anyi. Hebu isomeni tena, lakini safari hii isomeni kama wasomaji wa riwaya. Barabara ile ilikuwa kilomita zaidi ya 20, yenye mteremko mkali, majabali na makorongo, mahali pazuri kwa mtu anayetaka kuvizia. Angekuwa mmoja wetu anasimulia, angetuonyesha genge limejificha wapi, kiongozi ni nani, nani alitoka wa kwanza, silaha zilikuwa za aina gani. Na wasikilizaji wangekaza macho, maana jambo la namna hiyo linanoga. Yesu alifanya nini? Aliwapa wanyang'anyi mstari mmoja. Walimvua nguo, wakampiga, wakaenda zao. Basi. Hawakupewa jina, hawakupewa sifa, hatuambiwi hata walikuwa wangapi. Wametoka kwenye hadithi na hawarudi tena.

Kisha akakaa na nani? Na yule aliyelala chini, nusu mfu. Hadithi nzima haibanduki pale alipoangukia. Kuhani anapita, tunabaki na majeruhi. Mlawi anapita, tunabaki na majeruhi. Msamaria anafika, na sasa, wapendwa, ndipo Bwana anapoingia katika mambo madogo madogo ambayo kwa wanyang'anyi aliyaruka: mafuta, divai, vitambaa vya jeraha, mnyama wa kumpandisha, nyumba ya wageni, usiku mmoja wa kumuuguza, dinari mbili kwa mwenye nyumba, na ahadi kwamba kikizidi atalipa atakaporudi. Hadi hesabu ya fedha tunayo! Tunajua kupona kwa mtu huyu kulianza kwa gharama gani, lakini hatujui alinyang'anywa kiasi gani. Hivyo ndivyo Mwana wa Mungu anavyosimulia habari ya ujambazi. Nani alitufundisha kuisikiliza kinyumenyume?

Nitawaonyesha mmoja wa hao waliolala kando ya njia. Dada mmoja katika ushirika wetu alikuwa wakala wa M-Pesa, kibanda cha mabati kando ya barabara, dirisha dogo na kiti kimoja cha plastiki. Jioni moja wakaja wawili kwa pikipiki. Mmoja akauliza kama kuna floti ya kutosha, kama mteja yeyote. Mwingine akapita mlango wa nyuma. Walichukua fedha, walichukua simu ya kazi, na alipochelewa kutoa namba ya siri walimpiga kwa mpini wa panga juu ya sikio. Dakika chache, wakaondoka. Jambazi akiandika maisha yake, jioni hiyo haitapata hata aya. Ilikuwa kazi ndogo, na fedha zenyewe ziliisha wiki hiyo hiyo.

Lakini kwa dada yetu bado haijaisha. Kibanda alikijenga upya kwa nondo, nondo juu ya nondo, na anahudumia kupitia tundu linalopitisha mkono tu. Mteja mwenye kofia huambiwa avue, na wengine hukasirika wakamtukana. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya mlango, anaacha kuhesabu noti na inambidi aanze upya. Sikio la kushoto halisikii vizuri, kwa hiyo kanisani amehamia upande wa pili. Deni la floti alilipa kwa miezi mingi. Mwanawe alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo muhula huo. Hayo yote ni maisha ya uhalifu, wapendwa. Ni sura za kitabu kile kile, ila hakuna anayezichapa.

Katikati ya miaka ya 1990 Nairobi ilitikiswa na majina matatu: Wanugu, Wacucu na Rasta. Polisi waliwatangaza kuwa majambazi hatari kuliko wote, wakawasaka na kuwaua mmoja baada ya mwingine. Muulizeni Mkenya yeyote wa umri wangu, atawatajia hao watatu bila kuvuta pumzi. Haya, sasa mwambieni awatajie mtu mmoja tu aliyeporwa miaka ile. Mlinzi mmoja. Dereva mmoja. Mjane mmoja. Atanyamaza. Kwa hesabu yetu sisi, mwenye bunduki ana jina na mwenye jeraha hana.

Sasa sikieni jambo linalonikata maini. Mtu yule yule anayesema "jamaa alikuwa noma" ndiye ninayemwona stendi kelele za "mwizi!" zinapopigwa. Kijana wa miaka 17 ameshikwa na simu ya watu. Kabla hajasema neno watu wamejaa, mmoja ana jiwe, mwingine ana tairi, petroli imetolewa kwenye pikipiki iliyo karibu. Hakuna anayemuuliza jina. Na katika mfuko wa mmoja wa hao wenye mawe kimo kitabu cha mtu aliyeanza kazi hiyo hiyo ya mifukoni akiwa mdogo kuliko huyo anayeungua. Mwizi mdogo tunamchoma, mwizi mkubwa tunamsoma. Haki iko wapi hapo? Huruma iko wapi? Tungekuwa tunachukia wizi, tusingemshangilia yule. Tungekuwa tunamhurumia mkosaji, tusingemchoma huyu. Ukweli ni kwamba tunapenda nguvu. Mwenye nguvu tunampigia makofi na aliyeishiwa nguvu tunampiga mawe, na pande zote mbili tunafurahi.

Umati wa Yerusalemu ulikuwa hivyo hivyo. Pilato aliwasimamishia watu wawili. Mathayo anasema Baraba alikuwa mfungwa mashuhuri. Marko anasema alifungwa pamoja na waasi walioua watu katika fitina. Yohana anamwita mnyang'anyi. Mashuhuri! Watu walikuwa wanamjua, walikuwa wameshasimuliana habari zake sokoni. Na upande wa pili alisimama aliyepigwa, ambaye hakuwa ameua wala kunyang'anya mtu. Umati uliombwa maoni, nao ukayatoa kwa sauti kuu: tufungulieni Baraba. Na huyu je? Asulubiwe. Kwa kelele moja walimpandisha mwenye upanga na kumshusha mwenye jeraha. Msiniambie maoni ni maneno tu. Siku ile maoni yaliua.

Labda unasema, "Mchungaji, mimi nasoma kujiburudisha. Yananipita." Nitakujibu kwa habari ya mtu aliyekuwa mwema kuliko wewe na mimi. Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, katika Maungamo yake aliyoyaandika karibu na mwaka 400, anasimulia habari za rafiki yake Alipio. Kijana huyu alikuwa Roma kusoma sheria, na aliichukia michezo ya uwanjani ambako watu waliuana kwa mapanga mbele ya watazamaji. Rafiki zake wakamkokota kwa nguvu. Akawaambia mwili wake wanaweza kuupeleka, macho yake hawayapati. Akakaa, akayafumba. Kisha mmoja akaanguka uwanjani, umati ukanguruma, naye akafumbua macho, kidogo tu, aone kulikoni. Augustino anasema saa ile Alipio alijeruhiwa rohoni vibaya kuliko yule aliyeanguka mwilini. Aliinywa damu ile kwa macho. Akapiga kelele pamoja na wenzake, na siku nyingine akarudi akiwakokota wengine. Baadaye Mungu alimtoa huko, akawa askofu wa Thagaste. Lakini angalieni kilichomfungua macho. Ni kelele za watazamaji. Kila unaposema "jamaa alikuwa noma" mbele ya mtoto wa kidato cha pili, wewe ndiwe ule mngurumo.

Na mtoto huyo hajui mambo ambayo wewe unayajua. Hajui kwamba Kiriamiti alihukumiwa 1971, na kwamba baadaye sheria ya Kenya ilikazwa, wizi wa kutumia nguvu ukawekewa adhabu ya kifo. Kamba haijatumika tangu 1987, lakini hukumu ziliendelea kusomwa, na vyumba vya waliohukumiwa kufa vikafurika. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia zaidi ya wafungwa 4,000 adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawabadilishia wengine 2,747. Wengi wao waliingia kwa kosa hilo la wizi wa kutumia nguvu. Maelfu hao hawakuandika kitabu. Hawana wasomaji. Na wengine wasiohesabika hawakufika hata mahakamani, waliishia mtaroni asubuhi na mapema, gazeti la kufunikia uso. Aliyetoka hai na kalamu mkononi ni mmoja, naye ndiye kijana anayemwona. Ni nani atakayemwambia habari za wale wengine kama si wewe uliyekisoma hadi mwisho?

Wako watakaorukia upande wa pili waniambie: basi tukichome kitabu, tukitoe maktaba, tuwakataze watoto. Sitakubaliana nao kamwe. Kukificha kitabu cha jambazi ni kumwambia jambazi aliyetubu kwamba hatutaki kumsikia, na Mungu hakufanya hivyo hata dakika za mwisho. Msalabani kulia na kushoto kwa Bwana walitundikwa wahalifu wawili. Mmoja wao alitumia pumzi aliyobakiwa nayo kusema mambo mawili: sisi tunapata tulichostahili, na huyu hakutenda baya lolote. Alihesabu kosa lake, kisha akamwelekea asiye na kosa aliyeumizwa. Maneno machache, hana karatasi, hana kalamu, na ndiye wa kwanza kuahidiwa peponi. Simulizi yake ilikuwa fupi na ilikuwa kamili.

Yuko na mwingine aliyesimulia kwa kirefu. Paulo alikuwa mtu wa jeuri. Aliingia nyumba kwa nyumba akiwaburuta wanaume na wanawake kuwatia gerezani. Alipokuja kusimulia maisha yake pale Yerusalemu, katika Matendo 22, mbele ya umati uliokuwa umetoka kumpiga, angeweza kuyapaka mafuta. Angeweza kusema alikuwa kijana, alikuwa na hasira ya dini, mambo yalitokea. Akasema damu ya Stefano ilipomwagwa yeye alikuwa amesimama pale, anakubali, anatunza nguo za wauaji. Stefano! Amemtaja kwa jina. Miaka ilikuwa imepita, angeweza kusema "yule mtu mmoja". Jina halikumtoka kinywani kwa bahati mbaya, alikuwa amelibeba. Kati ya Lameki na Paulo tofauti ni hiyo hasa. Wote wawili wana damu, wote wawili wanasimulia, lakini katika simulizi ya Paulo aliyekufa ana jina na muuaji ana aibu.

Na Mathayo, anapoandika ukoo wa Yesu katika sura ya kwanza, anafika kwa Daudi, mfalme, mshairi, kipenzi cha taifa. Hapo angeweza kupita haraka. Badala yake anaandika kwamba Daudi alimzaa Sulemani kwa mwanamke aliyekuwa mke wa Uria. Karne na karne baada ya Uria kuuawa mstari wa mbele kwa hila ya mfalme wake, jina lake linasomwa katika ukoo wa Masihi, hapo hapo pembeni mwa jina la aliyemuua. Roho Mtakatifu hakusahau. Daudi alisamehewa kweli kweli, na Uria hakufutwa.

Ninayasema haya nikikumbuka kitabu cha pili cha Kiriamiti, kile cha Milly, kilichotoka 1989. Milly ni mwanamke aliyempenda mtu bila kujua anakula wapi na kulala wapi anapotoweka. Kwa kitabu hicho mwandishi alijaribu kusogea upande wa aliyeumizwa, atazame mambo kutoka dirishani, kwa macho ya anayesubiri usiku. Nampongeza kwa hilo, si waandishi wengi wa aina hii wanaojaribu. Lakini bado kalamu ilikuwa mkononi mwa mwanamume yule yule. Tumemsikia Milly kwa kinywa cha aliyemdanganya. Nani amekwenda kuwauliza akina Milly wenyewe, nani amekwenda kumuuliza keshia? Wachapishaji wetu, nawauliza ninyi: kwa zaidi ya miaka 40 mmeuza kitabu cha mporaji, cha aliyeporwa kiko wapi?

Na sisi watu wa madhabahu tusijifiche nyuma ya wachapishaji. Mmeona mabango yetu. Mkutano wa injili, uwanja wa shule, jina la mhubiri, na chini yake kwa herufi nyekundu: njoo usikie ushuhuda wa aliyekuwa jambazi sugu. Watu wanajaa. Ndugu anapanda jukwaani, anapewa kipaza sauti, na kwa nusu saa tunapelekwa kwenye bunduki, magari, fedha za mifuko, warembo, kuruka ukuta. Umati unanguruma. Dakika ya mwisho anasema, "Lakini Yesu akaniokoa," tunapiga makofi, sadaka inapitishwa. Ndugu zangu wachungaji, nusu saa ile ilikuwa ya nani? Tumechukua kurasa zile zile zenye mafuta ya vidole tukazisoma kwa kipaza sauti, tukaziita injili. Na mahali fulani nyuma ya umati amekaa dada wa M-Pesa, sikio lake zima limeelekea jukwaani, anasikiliza watu wa Mungu wakishangilia jinsi mtu anavyopita mlango wa nyuma.

Komeni. Kwa jina la Bwana, komeni! Zakayo hakupewa jukwaa asimulie jinsi alivyokuwa akiwabana walipa kodi. Alisimama katika nyumba yake mwenyewe akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Mara nne! Ushuhuda wake ulikuwa orodha ya madeni. Basi kuanzia leo, ndugu akija kwenu na ushuhuda wa ujambazi, kabla hamjachapisha bango muulizeni: umerudi kwa nani? Umemwomba nani msamaha? Kama bado, msimpe kipaza sauti, mpeni mzee mmoja wa kanisa wa kumsindikiza aende.

Walimu, mkiwapa wanafunzi kitabu kile, na wapeni, wapeni pia kazi hii: chagua mtu mmoja aliyeumizwa humu ndani, aliyepata mstari mmoja tu, uandike jioni yake alipofika nyumbani. Wazazi, mkimkuta kijana wenu amekishika, msikinyang'anye. Kaeni naye. Someni naye zile kurasa safi za mwisho, zile za kipigo na hukumu, hadi nazo zichafuke. Na ninyi nyote mnaotoa maoni kazini na kwenye matatu, mtu akisema jamaa alikuwa noma, mwulizeni mlinzi alikuwa anaitwa nani.

Na wewe, ndugu yangu uliyekuwa mtu wa bunduki, unayenisoma sasa na una daftari chini ya godoro. Andika. Nakusihi, andika, lakini usianze na siku uliyoshika silaha mara ya kwanza. Anza na yule uliyemuumiza, tuseme soja wa lango la ghala. Alikuwa amevaa koti la rangi gani? Alikuwa anakunywa nini ulipomfikia? Alisema maneno gani, na ulimwacha amelala upande gani? Kama hukulijua jina lake, nenda ukalitafute. Majirani wa ghala wanalijua, mkewe analijua. Usiende peke yako, usije ukamtia hofu mara ya pili. Nenda na mchungaji au na mzee wa kijiji, peleka ulicho nacho hata kama ni mbuzi mmoja, simama mbali na mlango hadi uitwe. Akikataa kukuona, rudi nyumbani uandike kwamba alikataa, na kwamba alikuwa na haki ya kukataa. Kitabu chako kikitoka, niletee nakala. Nitakisoma madhabahuni mbele ya ushirika wote, nikianza na jina la huyo soja.